Gauni Lenye Mikono Miwili ya Kushoto

Haya sikusimuliwa na mtu. Nilikuwa nikila na kulala ndani ya nyumba ile, na mengi niliyaona kwa macho yangu haya haya ambayo ndugu zangu hunishauri niyapeleke kwa daktari. Anayetaka kuamini aamini. Asiyetaka namwonea wivu kidogo, maana bado analala vizuri.

Yalimpata mama yangu mdogo. Yeye na mama ni tumbo moja, lakini mikono hawakugawana sawa. Mama anashona, anafuma, anasuka, hakuna kinachomshinda. Mama mdogo, kwa maneno ya mama mwenyewe, alipewa mikono ya kupigia makofi. Kifungo kikikatika kwenye shati la mumewe, alilifunga kwa pini na kumwambia avae sweta juu yake. Alikuwa mpokea simu kwenye ofisi moja ya malori, na baba mdogo alikuwa dereva wa safari ndefu hapo hapo, ndiko walikojuana. Walikaa miaka mingi bila mtoto, watu wakasema ya kusema, mpaka akaja mmoja. Huyo mmoja ndiye tuliyemwita Chiriku.

Jina lilimkaa sawasawa. Mtoto yule akiamka anaongea, akila anaongea, ukimfuta uso anaongea ndani ya taulo. Kutulia ndiyo kabisa, hakukujua. Walimu wake walipochoka kumnyamazisha waliamua kumtumia: siku ya kufunga shule yeye ndiye angesimama mbele ya wazazi na kusoma shairi. Akaambiwa avae gauni la njano.

Magauni ya njano yalijaa madukani. Lakini mama mdogo, sijui alipitiwa na shetani gani, akaapa kumshonea mwenyewe. "Mtoto ninaye mmoja tu," alimwambia mama kwenye simu, "nishindwe kumshonea gauni moja?" Mama alicheka mpaka akakohoa. Fundi wa pale kona alikuwa amepata cherehani mpya, kwa hiyo ile yake ya zamani, ya kukanyaga kwa miguu, akamwachia mama mdogo pamoja na maelekezo mengi. Mama mdogo aliyaitikia yote na akakumbuka machache.

Jumamosi ya kumpima Chiriku kwa mara ya kwanza nilikuwa nimewatembelea. Ilikuwa siku ya kawaida kabisa, ya jua na nguo kwenye kamba. Cherehani ilikuwa chumbani kwa mtoto, mwisho wa korido, karibu na dirisha linalotazama barabara. Mama mdogo alikuwa amepindua kreti la soda chini juu, na Chiriku alikuwa amesimama juu yake, uso dirishani, mgongo mlangoni, mikono ameitanua. Gauni lilikuwa limeshikizwa kwa nyuzi ndefu na pini. Kitambaa kilikuwa cha njano chenye vimaua vyeupe upande wa nje, upande wa ndani kimepauka. Chaki ya fundi, ya buluu, ilikuwa imemwagika kila mahali, hata kwenye pua ya mama mdogo.

Gauni lilikuwa limekataa. Upande wa kulia lilivutwa nyuma, kola ikaenda bega moja, na chini pindo likapanda kama pazia lililokatika ndoano. Mama mdogo alizunguka kreti kwa magoti, pini mdomoni, akivuta hapa na kubana pale. Akirekebisha mbele, nyuma kunaharibika. Na muda wote Chiriku alikuwa anasoma shairi lake, anauliza chakula ni nini, anawapungia mkono wenzake barabarani.

Pini ikamchoma. Akaruka chini, nyuzi zikakatika, na kazi ya asubuhi nzima ikafumuka. Hapo ndipo mama mdogo alipokasirika.

"Unaona? Limepinda kwa sababu hutulii," alimwambia. "Gauni zima limeharibika kwa ajili yako."

Mimi nilicheka. Chiriku hakucheka. Alilitazama lile gauni sakafuni, akamtazama mama yake, na kwa mara ya kwanza tangu nimjue akakaa kimya kwa kitambo. Kisha akasema: "Nikirudi nitatulia, mama. Nitasimama hapo hapo mpaka uniambie tayari. Naahidi."

Mama mdogo alimfuta machozi, akamwambia haya, wataendelea kesho baada ya chakula. Gauni likatupwa kwenye kapu pamoja na pini zake. Jioni mimi nikapanda basi nikarudi kwetu.

Hiyo kesho Chiriku aliamka na homa. Hospitali walimpokea, wakamtundikia maji, wakafanya walichoweza. Hakurudi nyumbani tena. Siku ya kufunga shule ilipofika, mtoto mwingine alisoma shairi lile, na kaburi lilikuwa bado halijakaa sawa udongo wake.

Mama ndiye aliyenituma nikaishi na mama mdogo. Nilikuwa nimemaliza masomo, nasubiri matokeo, sina kazi zaidi ya kumaliza chakula cha watu. Baba mdogo alikuwa amerudi barabarani. Alisema akikaa nyumbani ataumwa. Nikamkuta mama mdogo amekonda, nguo zinamning'inia, anapika chakula cha watu watatu na kula cha nusu mtu. Nilimsemesha, nikamtania, nikamwimbia. Alitabasamu ili nisijisikie vibaya.

Siku moja alilitoa lile gauni kapuni akaniambia nimsindikize kwa fundi. Alitaka kujua tu, alisema. Fundi alikuwa mtu mnene mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi, mcheshi sana, na kwa mama mdogo alikuwa mpole kupita kawaida kwa sababu ya msiba. Aliligeuza gauni nje ndani, akalitandaza mezani, akaupima mkono mmoja juu ya mwingine. Akatabasamu.

"Mama, umekata mikono yote miwili ya kushoto," alisema. "Ni kosa la kila anayeanza. Ulitakiwa kukunja kitambaa ndiyo ukate, itoke inayotazamana. Wewe umekata mmoja, ukaweka karatasi ya kipimo vile vile, ukakata wa pili."

Mama mdogo akamuuliza, kwa sauti ya chini sana, kama ndicho kilichofanya gauni lipinde.

"Ndicho. Hata angesimama kama nguzo lingepinda tu."

Fundi hakujua alichokisema. Akaendelea kueleza kwamba dawa yake ni ndogo: kitambaa kilichobaki kinatosha, akate mkono wa kulia mmoja, aubadilishe, basi. Mama mdogo alimshukuru. Tukatembea mpaka nyumbani. Alipofika mlangoni aliegemea ukuta na kulia kilio ambacho hata siku ya mazishi hakukilia.

Kuanzia hapo akaanza kushona kwelikweli. Akirudi kazini mchana, anakula kidogo, anaingia chumba cha mwisho wa korido na kufunga mlango. Nilifurahi. Mama naye akafurahi, akasema afadhali amepata cha kushika. Na mama mdogo sasa alijua kushona, hilo lazima niliseme. Alishona foronya, zikanyooka. Akashona sare za watoto wa jirani. Akamshonea baba mdogo shati lenye kola kali kiasi kwamba fundi aliligeuza mara mbili akitafuta kasoro akaikosa.

Ila gauni la njano halikuisha.

Kila nikipita niliona vipande vya uzi vilivyofumuliwa kwenye takataka, vya njano, fungu zima. Mwanzoni sikujali. Nilidhani anataka liwe zuri, aliweke ukumbusho. Mchana nilisikia cherehani ikienda, ikanyamaza, kisha sauti yake ya chini, sauti ya mtu mwenye pini mdomoni. Nikasema moyoni anaongea peke yake, na mwenye msiba ana haki ya kuongea na ukuta.

Baba mdogo alirudi safari moja, akala, akaoga, akachukua shuka. Alisema ndani kuna joto, atalala kwenye lori. Ilikuwa siku ya mvua. Nilimpelekea chai ya asubuhi huko nje, akakishika kikombe kwa mikono miwili, akaniuliza: "Bado anashona?"

Nikamjibu bado.

"Jana nilipita mlangoni mwa chumba kile," alisema. Akaimaliza chai yote bila kumalizia maneno, akawasha gari, akaondoka kabla ya siku yake.

Basi mimi nina ugonjwa mmoja, kutaka kujua. Asubuhi moja mama mdogo akiwa kazini niliingia chumba kile nitafute mkasi, au tuseme nilijiambia natafuta mkasi. Kila kitu kilikuwa katika mpangilio. Gauni lilitundikwa dirishani. Niliushika mkono wake wa kulia nikaona bado ni ule ule, wa kushoto, umeshonwa upya kwa mshono mzuri ulionyooka. Kando ya mshono kulikuwa na matundu ya sindano, mengi mno, safu juu ya safu. Ulikuwa umefumuliwa na kurudishwa, ukafumuliwa na kurudishwa, mpaka kitambaa kimeanza kulegea.

Nikavuta droo ya cherehani. Ndani yake, umekunjwa na kupigwa pasi, kulikuwa na mkono wa kulia. Umekatwa vizuri, umepindwa vizuri. Uzi wake ulikuwa umeshaanza kushika vumbi. Ulikuwa tayari siku nyingi.

Hapo ndipo nilipolitazama kreti. Lilikuwa pale pale penye dirisha, chini juu, na unga wa chaki wa buluu ulikuwa umetanda juu yake lote. Isipokuwa sehemu mbili. Sehemu mbili ndogo, safi, zikiwa na visigino upande wangu na vidole upande wa dirisha. Kingo zake zilikuwa kali. Mtu akisimama hubadilisha mguu, hujikuna, husogea. Aliyesimama pale hakusogea hata kidogo.

Nilijikaza kisabuni, nikasema labda kuna viatu viliwekwa. Nikachukua kitambaa nikalipangusa kreti lote, likabaki safi.

Kesho yake asubuhi nikarudi. Chaki ilikuwa imetanda tena. Na nyayo zilikuwa pale pale.

Nilipaswa kupanda basi siku hiyo hiyo, na mwenye akili timamu angepanda. Lakini ningemwacha na nani? Nikabaki. Mchana nikamwambia mama mdogo nakwenda sokoni, nikatoka, nikazunguka nyumba, nikarudi kwa mlango wa jikoni, viatu mkononi.

Jua lilikuwa kali. Ilikuwa saa ile watoto wa shule wanapita barabarani, wanapigiana kelele, wanaburuta vijiti kwenye uzio. Cherehani ilikuwa inakwenda. Ikanyamaza. Watoto wakapita, kelele zikafifia, na nyumba ikawa kimya.

Mlango wa chumba ulikuwa haujafungwa vizuri. Nikaangalia.

Mama mdogo alikuwa amepiga magoti upande wa dirisha, pini mdomoni. Gauni lilikuwa juu ya kreti. Halikutundikwa. Lilikuwa limesimama.

Lilikuwa limevaliwa.

Nikaona mgongo. Nikaona mikono miwili imetanuliwa, myembamba, vidole vimenyooka. Nikaona nywele, zimesukwa misuko ile ile, na nafahamu ni misuko gani kwa sababu ni mama yangu aliyemsuka kabla ya kumvalisha sanda. Kichwa kilitazama mbele. Hakikugeuka. Mabega hayakupanda wala kushuka. Chiriku niliyemjua mimi asingesimama vile hata kwa kuhongwa peremende za duka zima.

"Nimetulia, mama?"

Sauti ilikuwa yake, ila ilikuwa kavu na ilitoka mbali.

"Umetulia, mwanangu."

"Bado limepinda?"

Mama mdogo aliushika ule mkono wa kulia, akauvuta kidogo, akauachia. Machozi yalikuwa yanamtiririka mpaka kwenye pini.

"Bado kidogo," alisema.

Nikatazama chini. Sijui kwa nini nilitazama chini. Miguu ilikuwa inatetemeka. Yote miwili, kuanzia magotini, mtetemeko mdogo wa mtu aliyesimama mno. Visigino vilikuwa vimepasuka na kuvimba. Na bado havikusogea.

"Mama," ikasema ile sauti. "Nimechoka kusimama."

Mama mdogo aliinua macho. Akaniona juu ya bega lile la njano. Hakushtuka. Akatikisa kichwa taratibu, nisiseme kitu.

Nilirudi kinyumenyume mpaka jikoni nikakaa sakafuni. Cherehani ikalia tena. Baadaye nikasikia sauti ya mkasi ukifumua uzi.

Alinikuta pale pale. Alijaza maji kwenye sufuria ya chai, akawasha jiko, akasimama kunipa mgongo. Akanieleza bila kuulizwa. Siku tuliyotoka kwa fundi aliukata mkono wa kulia jioni ile ile, akalisogeza kreti penye dirisha ili apate nafasi, akageuka kuchukua chaki. Aliporudisha macho, mtoto alikuwa amesimama. Akamuuliza kama ametulia. Tangu siku hiyo, kila watoto wa shule wakishapita, anakuja. Akilitoa gauni pale linapotundikwa tu, anakuwa ndani yake.

"Najua kushona sasa," mama mdogo alisema. "Hata wewe umeona. Kuubadilisha mkono ule ni kazi ya chai moja. Lakini nikimaliza, nitampimia nani?"

Nikamuuliza kama anamwona uso.

Maji yakachemka, hakuyatoa.

"Mwanzoni nilimwona. Siku hizi kila akija kuna kitu kimepungua. Jana alisema na mdomo haukufunguka." Akaifuta meza iliyokuwa safi. "Lakini sauti bado ni yake. Hata ikibaki sauti tu, sitaki kuikosa."

Mdomo wangu husema kwanza, mimi nafuata. Nikasema: "Mama mdogo, kila siku anakuuliza kama limepinda. Wewe unamwambia bado."

"Ili arudi."

"Yeye hajui hivyo. Yeye anajua bado ni kosa lake."

Mkono wake ulisimama juu ya meza. Nikamwona anaelewa, na sitaki kumwona mtu akielewa kitu kama kile tena. Aligeuza kichwa kuelekea korido. Tulisikia wote wawili, ubao wa kreti ukilia kidogo, ule mlio wa ubao uliobebeshwa kitu kwa muda mrefu. Kumbe hakuwa anaondoka. Tulikunywa chai, tulilala, tuliamka, na mtoto alikuwa amesimama pale akisubiri kuambiwa tayari.

Mama mdogo hakwenda kazini kesho yake. Ilipokaribia mchana aliwasha mkaa kwenye pasi, akachana nywele, akavaa gauni lake jeusi la kutokea. Aliniomba nisiingie, nikae koridoni tu. "Nikishindwa," alisema, "niite kwa jina nililopewa na mama yangu." Nikamwahidi. Akaingia, akafunga.

Nilikaa nimeegemea ukuta, magoti kifuani. Watoto wa shule wakapita mchana, wakapotea.

Nikasikia mkasi ukifumua. Nikasikia droo ikivutwa.

Cherehani ikaanza. Ilikwenda polepole, ikazunguka bega, ikasimama, ikamalizia. Uzi ukakatwa. Pasi ikapita, nikasikia maji yakichemka kwenye kitambaa. Kwa muda mrefu hakukuwa na sauti yoyote, nikafungua mdomo nimwite.

"Nimetulia, mama?"

"Umetulia sana. Hakuna mtoto aliyewahi kutulia kama wewe."

"Bado limepinda?"

Alivuta pumzi, nikamsikia kupitia mlangoni.

"Limenyooka. Nisikilize, mwanangu. Halikupinda kwa ajili yako hata siku moja. Mimi ndiye nilikuwa sijui kushona. Ulisikia? Ni mimi. Wewe hukukosea kitu."

Kimya.

"Tayari," mama mdogo alisema. Sauti ikamkatika, akairudia. "Tayari, mama. Shuka."

Kreti likalia. Kukawa na kishindo, cha miguu miwili inayotua kwa pamoja, kama alivyokuwa akiruka siku zote na kugombezwa. Mama mdogo akatoa sauti ya mtu aliyegongwa kifuani. Sijui walikaa hivyo kwa muda gani. Nilikuwa nimefunga macho.

Kisha mlango ukafunguka. Miguu ilikuja mbio koridoni, mitupu, ikipiga sakafu. Ilinipita. Kitambaa kiligusa goti langu, kikiwa bado na joto la pasi. Nikafumbua macho na korido ilikuwa tupu, lakini sauti ilikuwa inaendelea, ya haraka, haivuti pumzi, inaruka kutoka ubeti hadi swali hadi ubeti. Shairi la kufunga shule. Likaenda mpaka mlango wa mbele, likatoka, likafifia barabarani upande ule watoto walikoelekea.

Nilimkuta mama mdogo amekaa chini karibu na kreti, mikono imelala mapajani, viganja juu. Hakuwa analia. Gauni halikuwepo dirishani, halikuwepo kapuni, na mpaka leo hatujaliona. Juu ya kreti nyayo zilikuwa zimevurugika zote, chaki imesambaa. Mkono mmoja wa kushoto ulikuwa sakafuni, umefumuliwa, hauna kazi tena.

Nikamsaidia kusimama. Alipogeuka kuelekea mlangoni ndipo nilipouona mgongo wake. Kwenye gauni lile jeusi, chini kidogo ya mabega, kulikuwa na alama mbili za viganja. Vidogo, vya buluu, vidole vyote vimeachana. Alikuwa amekumbatiwa.

Baba mdogo aliporudi alisimama koridoni kwa kitambo, akasikiliza. Halafu akaingiza shuka lake ndani.

Nimelifua gauni lile jeusi kwa mikono yangu. Chaki ya fundi hutoka kwa kupulizwa, ndiyo kazi yake. Ile haikutoka. Nimejaribu sabuni ya unga, ya mche, ndimu, nikaliacha. Mama mdogo hakunituma, wala hakunikataza. Siku hizi anashona nguo za mtaa mzima, ana wateja mpaka fundi wa kona anamlalamikia kwa utani, lakini hapimi mtu akiwa amesimama. Unampelekea nguo yako ya zamani, anapima hiyo. Na chaki anayotumia ni nyeupe. Ya buluu alinipa nikaitupe, nikaitupa mbali.

Kila mwaka siku ya kufunga shule analivaa gauni jeusi, anakwenda peke yake. Anakaa safu ya mwisho ukutani, nyuma yake pasikae mtu. Anasikiliza mashairi mpaka mwisho, anapiga makofi, anarudi nyumbani. Mwaka huu nilikuwa kwao, nikampokea mlangoni nikamkumbatia. Tulikaa hivyo kidogo. Nilipomwachia na kwenda kuosha mikono, viganja vyangu vyote viwili vilikuwa na unga mpya wa buluu.